Nyumba Mpya Nairobi: Linganisha Dhamana Kabla ya Kulinganisha Vigae

Tuseme umezunguka hadi ukachoka, na sasa zimebaki nyumba tatu mezani.

Ya kwanza ni fleti ya vyumba viwili Kileleshwa. Jengo limekwisha, anayeuza ni mstawishaji mwenyewe, yaani mwenye mradi wa ujenzi, na mkataba unasema kasoro zitarekebishwa ndani ya miezi sita. Ya pili ni nyumba ya ghorofa moja kwenye mtaa wenye geti kule Syokimau (najua, kiserikali ni Machakos, lakini wakazi wake huamka alfajiri kuwahi kazi mjini Nairobi). Bado inajengwa, inalipwa kwa awamu, na dhamana yake ni mwaka mmoja. Ya tatu ni fleti South B iliyokaliwa miaka miwili. Mwenyewe anahamia Nakuru na hana dhamana ya kumpa mtu. Zote zinakaribia shilingi milioni 12.

Mtu akipangiwa hivyo hukimbilia ule mwaka mmoja. Mimi naona urefu ndio jambo la mwisho la kutazama. Kwanza uliza siku zinaanza kuhesabiwa lini. Pili, uliza ni mvua gani itakayonyesha kabla hazijaisha. Tatu, na hili ndilo kubwa, uliza fundi akirudi atalipwa kwa pesa za nani.

Siku zinaanza kuhesabiwa lini

Miezi sita inayotajwa kwenye mikataba mingi ya Nairobi haikubuniwa kwa ajili ya mnunuzi. Inatoka kwenye mkataba mwingine kabisa, ule kati ya mstawishaji na mkandarasi wake. Msanifu majengo akishatoa cheti kwamba kazi imekamilika kiasi cha jengo kutumika, mkandarasi huwekewa kipindi cha kurudi kurekebisha kasoro zitakazojitokeza, na miezi sita ni kawaida. Mstawishaji naye anakupitishia wewe kipindi hicho hicho. Mkandarasi akishaachiliwa, yeye pia anataka awe ameachiliwa.

Hapo ndipo fleti ya Kileleshwa inapohitaji kusomwa kwa miwani. Kifungu kikisema "miezi sita tangu tarehe ya cheti cha kukamilika", cheti kiwe kilitolewa Januari, nawe ukabidhiwe funguo Mei, basi umebakiwa na miezi miwili. Na miezi yenyewe ni ile ya baridi na mawingu, Nairobi ikiwa haina mvua ya kujaribu paa. Maneno ya kubadilisha ni machache tu: badala ya cheti cha kukamilika, iandikwe tarehe ambayo mnunuzi atakabidhiwa funguo. Mstawishaji akikataa katakata, jua kwamba mkandarasi wake yuko mlangoni anatoka, na yeye hataki kubaki peke yake na simu zako.

Kwa nyumba ya Syokimau tatizo lipo pia, ila limejificha kwingine. Miradi ya namna ile hujengwa kwa awamu. Ukiona kipindi kinahesabiwa tangu "kukamilika kwa mradi" au "kwa awamu ya kwanza", uliza nyumba yako namba fulani iko awamu gani. Kihesabiwe kwa nyumba yako.

Dhamana ipitie masika

Nairobi ina misimu miwili ya mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Paa, dirisha, msingi na mtaro wa maji machafu havijulikani ubora wake mpaka masika yapite. Ukikabidhiwa funguo Juni kwa dhamana ya miezi sita, inakwisha Desemba. Umeona vuli peke yake. Mwaka mmoja unaoanza siku ya funguo hukutana na misimu yote miwili, uanze mwezi wowote. Kwa hiyo mwaka wa Syokimau si ukarimu, ni kiasi cha chini kabisa cha kufanya dhamana iwe na maana.

Tena kule mwaka unahitajika zaidi kuliko Kileleshwa, kwa sababu ya udongo. Upande wa Embakasi, Syokimau hadi Kitengela kuna ule udongo mweusi mzito unaonata kwenye viatu. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka. Msingi uliokaa juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila msimu, na nyufa huanza kutokea pembeni mwa milango na madirisha, zikipanda kwa mshazari. Mkandarasi makini huuchimba wote auondoe mpaka afike kwenye murram au mwamba, ndipo ajaze kifusi kizuri na kukishindilia. Asiye makini huchimba robo. Ukishamwaga slabu na kupaka rangi, nyumba hizo mbili zinafanana.

Ndiyo maana kwa nyumba ambayo bado inajengwa ningeomba ripoti ya mhandisi kuhusu udongo na picha za msingi ukiwa wazi, kabla ya kuuliza habari za kabati za jikoni. Huo ndio uzuri wa kununua mapema, kwamba unaweza kwenda na kuona. Mabango ya ujenzi yanatakiwa kuonyesha mkandarasi, msanifu na mhandisi ni akina nani. Mkandarasi mwulizie kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ambayo husajili wakandarasi kwa madaraja manane, NCA1 ikiwa ya juu. Daraja si cheti cha uaminifu, lakini asiyesajiliwa kabisa amekwisha kukujibu.

Kileleshwa udongo ni mwekundu na kwa kawaida hausumbui hivyo. Kule magonjwa ni mengine: bafu linalovujia kwa jirani wa chini, paa la zege lisilo na kinga ya maji, maegesho ya chini ya ardhi yanayojaa maji pampu ikikwama, na lifti.

Pesa za nani

Miradi mingi ya fleti hapa mjini hujengwa na kampuni iliyosajiliwa kwa ajili ya mradi huo mmoja. Jina kubwa linaloonekana kwenye bango na kwenye fulana za wauzaji si lazima ndilo jina lililo kwenye mkataba. Nyumba zote zikishauzwa, kampuni hiyo haina kiwanja, haina stoo, na akaunti yake imekauka. Unaweza kuishtaki na ushinde, halafu ukose cha kukamata. Dhamana ya miaka mitano kutoka kwa kampuni tupu haifikii ya miezi sita iliyo na pesa nyuma yake.

Muuzaji atakwambia, "Mama, usijali, hii kampuni haiendi mahali." Jibu ni fupi: "Basi niandikie." Ahadi ya mdomo juu ya ununuzi wa ardhi au nyumba ni kujisumbua, kwani Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa namna hiyo uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote na saini zishuhudiwe.

Sasa angalia jinsi mstawishaji mwenyewe anavyomshughulikia mkandarasi. Hamwamini kwa maneno. Katika kila malipo anazuia sehemu. Nusu ya pesa hizo huachiliwa kazi inapokamilika, na nusu nyingine hubaki hadi kipindi cha kasoro kiishe na kasoro ziwe zimerekebishwa. Ndiyo maana mkandarasi hurudi. Wewe mnunuzi unaambiwa ulipe mpaka shilingi ya mwisho siku ya funguo, kisha utegemee uungwana. Nakuambia dai anachodai yeye.

Kwa nyumba ya milioni 12, asilimia 2.5 ni shilingi 300,000. Pesa hizo zikae kwa wakili kwa maandishi, na ziachiliwe tu kipindi kikiisha na orodha ya kasoro ikiwa imefungwa. Kasoro zisiporekebishwa kwa siku 30 baada ya taarifa, utumie pesa hizo kuita fundi wako. Wengi watakataa mwanzoni. Wakisema asilimia moja, chukua. Laki moja na ishirini zilizoko kwa wakili humkumbusha mtu wajibu kuliko barua tano.

Kuna tahadhari kwa anayenunua kwa mkopo. Benki humwandikia wakili wa muuzaji ahadi ya kulipa salio lote baada ya uhamisho na rehani kusajiliwa, na ahadi hiyo haina nafasi ya wewe kusema "ngoja, sinki linavuja". Kwa hiyo kiasi cha kuzuia kitolewe upande wako wa malipo, na kiandikwe kabla mkataba haujatiwa saini. Pia, mthamini wa benki anapokuja huja kujua nyumba inauzika kwa bei gani. Usimchukulie kuwa ni mkaguzi wako.

Hapa nyumba inayolipwa kwa awamu ina nguvu kubwa kuliko iliyokamilika. Awamu ya mwisho ni yako kuifunga kwenye orodha ya kasoro. Lakini nguvu hiyo ina gharama yake: kama kampuni itaishiwa katikati ya ujenzi, dhamana si tatizo lako tena, kwa kuwa hakuna nyumba ya kuidhamini.

Ukutani mwako, na nje ya ukuta wako

Kwenye fleti, soma dhamana inafunika nini hasa. Mara nyingi ni ndani ya mlango wako: vigae, mabomba, swichi, milango, kabati. Nyufa ndogo za plasta huachwa nje ya dhamana, na kusema kweli nyingi ni saruji kukauka tu. Ila paa, ngazi, lifti, tangi na kuta za nje ni mali ya pamoja, na chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 husimamiwa na shirika la wamiliki. Paa likivuja juu ya ghorofa ya mwisho na dhamana ya paa iko kwa jina la mstawishaji, mwenye fleti ya juu anabaki akirushwa huku na huku, na wa chini mnachangishwa kupitia ada ya huduma. Uliza kabla ya kulipa: waranti ya lifti, ya pampu na ya jenereta itakabidhiwa shirika lini, na kwa karatasi gani?

Waranti za vifaa vya ndani ni jambo dogo. Chukua risiti na vitabu vyake, basi. Isipokuwa hita ya shawa. Maji ya visima upande wa Syokimau na Embakasi mara nyingi yana chumvi, na ziko hita zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi na nyingine za maji ya kawaida. Mstawishaji akiweka ya kawaida, itaungua, na mwenye duka atakwambia waranti haifuniki chumvi.

Bima ya nyumba ni kitu kingine na isichanganywe na haya. Hiyo hulipa moto, wizi, bomba kupasuka ghafla, na mafuriko ikiwa yameandikwa. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 sihitaji kueleza zaidi. Angalia tu kwamba yameandikwa kweli. Ujenzi mbovu na uchakavu, bima za kawaida huviacha nje.

Kisha kuna sheria, ambayo wauzaji hawaitaji. Kwisha kwa miezi sita si lazima kuwe kwisha kwa haki zako. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inatoa miaka sita kwa madai yanayotokana na mkataba na miaka mitatu kwa yale ya uzembe. Kasoro ya muundo, nguzo au boriti, inaweza kudaiwa baada ya kipindi cha marekebisho, ilimradi mkataba haukufuta haki hiyo kwa sentensi moja ndogo inayosema mnunuzi "hatakuwa na madai mengine yoyote". Itafute sentensi hiyo. Huwa karibu na mwisho, mahali watu wanaposaini wakiwa wamechoka.

Ndugu zetu walio ng'ambo hushangaa kusikia haya, kwa kuwa wamezoea miaka kumi. Uingereza, dhamana ya NHBC, shirika linalodhamini nyumba mpya, huenda miaka 10, miwili ya kwanza ikiwa juu ya mjenzi na iliyobaki ikibebwa na bima. Marekani ni kawaida kusikia mwaka 1 kwa kazi ya mafundi, 2 kwa mabomba na umeme, 10 kwa muundo. Ufaransa miaka kumi ni ya sheria. Hapa funguo kwa kawaida haziji na bima ya namna hiyo. Akikuonyesha muuzaji karatasi ya "dhamana ya miaka 10", mwulize ni bima ya kampuni gani na namba ya hati ni ipi. Kama ni ahadi ya mstawishaji peke yake, rudi kwenye swali la akaunti iliyokauka.

Zikiwekwa kando kwa kando

| | Kileleshwa, mpya | Syokimau, inajengwa | South B, miaka miwili |
|---|---|---|---|
| Dhamana ya maandishi | Miezi 6, pengine imeshaanza kuliwa | Mwaka 1, bado haijaanza | Hakuna, labda mabaki |
| Imeona masika? | Pengine hapana | Hapana | Ndiyo, mara mbili |
| Nafasi ya kuzuia pesa | Ndogo, lazima ubishane | Nzuri, kupitia awamu ya mwisho | Ndogo sana |
| Cha kuogopa zaidi | Paa, mabafu, lifti | Udongo, na mradi kukwama | Kilichopakwa rangi juzi |

Ile isiyo na dhamana

Fleti ya South B huonekana maskini kwenye jedwali, lakini ina kitu ambacho hizo nyingine hazina. Imeshajaribiwa. Masika mawili yamepita juu yake. Kama ingevuja, imevuja. Kama ingepasuka, imepasuka, na wewe unaweza kuona.

Sharti uone vizuri. Nenda mchana, kesho yake baada ya mvua kama inawezekana. Gonga vigae kwa sarafu chumba kizima. Kinacholia tupu kimeachana na saruji yake. Tazama chini ya kuta, sentimita chache juu ya sakafu, kama kuna unga mweupe wa chumvi au rangi iliyovimba: hapo maji yanapanda. Fungua mifereji yote kwa pamoja, vuta maji ya choo, sikiliza. Ziba tundu la shawa kwa kitambaa, jaza maji kidogo, yaache nusu saa, kisha shuka kwa jirani wa chini ubishe hodi kwa adabu na uombe kutazama dari ya bafu lake. Jirani huyo ni shahidi bora kuliko mkaguzi yeyote. Atakwambia mambo ambayo muuzaji ameyasahau. Mlinzi wa geti naye hujua lifti hufa mara ngapi.

Rangi mpya katika chumba kimoja tu, hasa kona moja, iulizie. Na mlipe mhandisi aliyesajiliwa apite nyumba yote kabla ya kulipa ile asilimia 10 ya kwanza, maana mkataba wa nyumba ya mkono wa pili karibu kila mara utakuwa na kifungu kwamba umeikagua na kuikubali ilivyo.

Muulize pia mwenye nyumba alinunua lini na akupe nakala ya mkataba wake na mstawishaji. Kama kuna chochote kilichobaki humo, haki hiyo inaweza kuhamishwa kwako kwa maandishi, mkataba wake ukiruhusu. Isipohamishwa, mstawishaji hakujui.

Mimi ningechukua ipi

Kama mkataba wa Kileleshwa haubadiliki, na siku zinahesabiwa tangu cheti, na hakuna pesa ya kuzuia, ningenunua South B bila kusitasita na kutumia tofauti yoyote ya bei kwa fundi wangu. Dhamana ya miezi miwili isiyo na mvua ni karatasi tu. Kama Kileleshwa watakubali tarehe ya funguo, miezi 12 na asilimia moja kwa wakili, ninahamia huko, hasa kwa mtu anayetaka kukaa bila kuhangaika na mafundi.

Syokimau naipenda kwa sharti kwamba udongo umeondolewa na nimeona kwa macho, na kwamba mstawishaji amekwisha kumaliza mradi mwingine ambao wakazi wake naweza kuwatembelea Jumamosi. Hao waulize swali moja tu: mliporipoti kasoro, alikuja baada ya muda gani? Wakicheka, umejibiwa.

Yoyote utakayochukua kati ya hizo mbili mpya, usingoje mwisho. Andika orodha ya kwanza ndani ya wiki mbili za kuhamia, chumba kwa chumba, na picha zenye tarehe. Andika ya pili mara masika yakitulia. Ya tatu ipeleke mwezi mmoja kabla ya kipindi kuisha, na hiyo isiwe ujumbe wa WhatsApp kwa kijana wa mauzo, ambaye huenda ameshahamia kampuni nyingine. Iwe barua kwa anwani iliyotajwa kwenye mkataba, ipelekwe kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa pale pale kaunta, tarehe ikisomeka.